Mikono ya Baba Mdogo

Baba mdogo alirudi kutoka vita vya Kagera bila redio, bila saa na bila hadithi. Wenzake wa kijijini walirudi na vyote vitatu, nasi tukawa tunawanunulia pombe ya mbege ili watueleze walivyompiga adui. Yeye akiulizwa, alisema kazi yake ilikuwa kuokota waliokufa na kuwazika, kisha anabadili mazungumzo, anauliza habari za kahawa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na nilijiona nimesoma. Nilitaka shujaa wa kumtaja darasani, nikaletewa mchimba makaburi.

Krismasi ya kwanza baada ya vita, ukoo ulikusanyika kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, mbuzi akachinjwa. Kwetu nyama haigawiwi ovyo. Kila mtu ana kipande chake, na anayeshika kisu lazima awe mtu anayeaminiwa na wote. Tangu nikiwa mtoto, kisu hicho kilikuwa cha baba mdogo. Alipoinama kukata, mimi, mbege ikiwa imeshanipanda kichwani, nikasema kwa sauti kwamba mikono iliyobeba maiti miezi yote ile isitukatie chakula. Wachache walicheka. Hakuna aliyenikanya. Baba mdogo alikifuta kisu kwa jani la mgomba, akakiweka chini, akaenda kukaa na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi. Nyama yangu niliila yote.

Miaka mitatu baadaye, mwalimu mkuu alitaka tuandike kumbukumbu za askari wa eneo letu waliokufa vitani. Mimi nikapangiwa Kirua Vunjo, kwa mama mmoja aliyempoteza mwanawe wa pekee. Nilimpa shikamoo, nikafungua daftari, nikamuuliza barua ya jeshi ilisema nini. Alisema barua haikumsaidia kitu. Aliyemsaidia ni mtu aliyekuja mwenyewe kwa miguu, siku chache baada ya Krismasi ile ya kwanza baada ya vita. Mtu huyo alimweleza kwamba alimkuta mwanawe kando ya shamba, akamwosha uso kwa maji ya chupa yake, akamfumba macho, akamzika uso ukielekea upande wa kilele cha Kibo, kama tunavyowazika wetu. Upande huo aliukisia kwa jua. Mama akamtaja kwa jina, nalo lilikuwa jina la baba mdogo.

"Nilimwekea chakula akakataa," mama akaendelea. "Alisema kwao mikono yake haitakiwi. Nikaleta maji nikamnawisha mwenyewe, kidole kwa kidole. Mikono iliyomfumba mwanangu macho, mwalimu, kuna mtu wa kuikataa?"

Nilisema hapana, hakuna. Chai yake nikainywa hadi mwisho.

Niliporudi nilimuuliza mama mdogo, mkewe. Kumbe zile safari za mara kwa mara za baba mdogo tangu vita viishe, ambazo sisi tulizicheka tukidhani ana nyumba ndogo huko Kahe, zote zilikuwa za kwenda kwa wazazi wa aliowazika. Mama mdogo alijua. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, na aliyeletewa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Asubuhi iliyofuata nilikata jani mpakani mwa kihamba nikampelekea. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema yamekwisha. Nilitoka pale mwepesi, nikapiga hata mluzi. Nilipofika njiani ndipo aibu iliponishika vizuri: nilimtukana mbele ya ukoo mzima, nikamwomba radhi barazani kwake, wawili tu, tena kwa kitu nilichojua hawezi kukikataa.

Kwa hiyo Krismasi ya mwaka huo nilisimama mbele ya watu wote. Nikarudia nilichokisema, neno kwa neno, nikawaeleza habari za yule mama wa Kirua Vunjo, nikamnyooshea baba mdogo mpini wa kisu ili akate yeye. Wengine waliangalia chini. Yeye alinishukuru kwa upole, akasema macho yake siku hizi hayaoni vizuri, kisu apewe kaka yangu.

Kaka akakata, kila mtu akapata kipande chake, tukaanza kula kwa mikono kama siku zote. Baba mdogo akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa uma.