Nilivyomfuata Bibi Aliyeogopa Kugharimu Watu

Rafiki yangu, wewe nakwambia kwa sababu najua utanicheka kidogo tu: safari hii niliisababisha kwa mdomo wangu.

Jirani yangu hapa Samuye, Mama Ineza, ni mkimbizi kutoka Burundi. Mwaka huu familia yake ilikubaliwa kuhamishiwa Ulaya. Jumapili, baada ya ibada, nikawaambia kina mama kwamba hela ya umma ya kuwahamisha wakimbizi, na madaktari wake na ndege zake, ingeezeka zahanati yetu. Kumbe mama mzazi wa Mama Ineza, Bibi Esperansi, amesimama nyuma yangu.

Jumatatu Bibi hayupo. Basi la kuwachukua lilikuwa linakuja Alhamisi, na faili lao ni moja: akikosekana mmoja, wanabaki wote. Mama Ineza alihisi yuko Geita, kwa rafiki yake anayeuza uji machimboni. Nikasema nitamfuata mimi.

Jumanne alfajiri nikaondoka na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwenye mkoba. Tulipopita Buzwagi, abiria mmoja alikuwa analalamika kodi zetu zinaliwa na wakimbizi. Mwenzake akambishia kwamba zile ni hela za Wazungu. Wa kwanza akasema hata Wazungu wanalipa kodi. Mimi nikajifanya nasinzia. Kahama nikabadilisha gari.

Saa nane mchana, machimboni, nikamkuta Bibi amekaa na wanawake wanaoponda mawe.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Umekuja kuninyang'anya nyundo?”

Nikaomba msamaha. Akasema sikukosea, yeye mwenye meno mawili apandishwe ndege ya nini, waezeke zahanati.

“Bibi, kwetu mgeni akiondoka anasindikizwa. Nani anahesabu hatua?”

“Wewe ulihesabu.”

Nikakosa pa kutazama. “Nilihesabu kwa sababu sikukuona.”

Akanitazama, halafu akacheka mpaka yale meno mawili yakaonekana. Ila hakuinuka. Alishaahidi kuponda lile rundo, akanipa nyundo tulimalize. Jioni viganja vyangu vimevimba, na yeye amemaliza michembe yote.

Jumatano tukarudi tunaimba tenzi.

Alhamisi asubuhi Bibi akawa wa kwanza kupanda basi, akachagua siti ya dirishani.

Bado nasema gharama ziulizwe, hela ni ya watu. Ila uliza huku unamtazama usoni anayesafirishwa. Ukimaliza kusoma, mpe na mwenzako. Asiyejua kusoma, msimulie.