Gari Limekwama Pale Ambapo Hatujafika

Leo nimekataa kusukuma gari la mkubwa. Kama nimekosea, niambieni.

Barabara yetu ya sokoni tumeichonga wenyewe, kila Jumamosi, kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Mawe ya mtaro tumebeba kichwani. Asiyekuja, jina lake linasomwa mbele ya watu wote. Hata mimi nilishasomwa, aibu yake naijua!

Asubuhi kaja mgeni kutoka halmashauri, na mpiga picha wake. Kasimama juu ya mtaro wetu, kasema:

"Ndugu wananchi, tumewaletea barabara."

TUMEWALETEA?

Aliyepiga makofi ni dereva wake tu.

Mgeni kapanda gari, kasonga mbele kwa mbwembwe. Sasa kule mbele, bondeni, hatujafika bado. Na jana mvua imenyesha.

Gari likazama mpaka mlangoni.

Akatuita tusukume. Wanaume wetu, kwa huruma zao, wakaanza kukunja suruali. Mama Editha, anayeshika daftari la msaragambo, akawazuia kwa mkono.

"Shikamoo mama," mgeni akasema. Safari hii kwa upole.

"Marahaba, mwanangu. Msaragambo ni Jumamosi. Nikuandike?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natoka shamba, nikamkabidhi jembe langu.

"Barabara si mmeleta ninyi? Basi kipande hiki mmekisahau."

Akatutazama. Hakuna aliyesogea.

Akavua koti, akachimba.

Mpiga picha wake hakupiga hata moja.

Nimepiga mimi.