Mwanamke Aliyetoka Menengai

Nyinyi mliokulia kwenye mashamba ya wazungu kule Molo miaka ya hamsini mtanielewa: kitabu cha picha kilikuwa kimoja, na watoto tele. Chetu kilitupwa kutoka nyumba kubwa, na mamake mwenzetu Wambui, aliyekuwa yaya huko, akatuokotea. Ndani mlikuwa na mwanamke wa nywele nyekundu akiwapiga majambazi mateke. Kiingereza hatukujua hata neno, kwa hivyo tulisoma picha. Mwanzoni alitoka kwenye mlima unaofuka moshi, nasi sote tukaamua huo ni Menengai, mlima wetu wa volkeno karibu na Nakuru.

Jumamosi, tukimaliza kuchuma maua ya pareto, tulikaa juu ya magunia, pua zikiwasha, tukabishana kuhusu huyo mwanamke. Aliyeshinda alienda na kitabu nyumbani hadi Jumatatu. Kila mara alikuwa Wambui. Nilimwonea wivu msichana huyo! Alikuwa na ulimi, na akisema watu walinyamaza.

Jumamosi moja nikajipanga. Wavulana wa kuchunga ng'ombe walianza: huyu mama anampiga mtu akishaanguka, na kwetu aliyeanguka haguswi. Nikaongeza ya mama yangu, kwamba msichana wa kurusha miguu hivyo hana adabu. Wambui akajibu kwamba majambazi walikuwa kundi zima, naye peke yake. Ndipo nikatoa yangu. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya, mamake baba. Mimi ni Nyambura kwa sababu hiyo.

"Huyu ametoka kwa moto," nikasema. "Hana baba, hana mama. Ameitwa jina la nani?"

Kitabu nilikiona tayari kiko kwapani mwangu.

Wambui, ambaye babake hakuna mtu pale shambani aliyewahi kumwona, alinitazama bila hasira.

"Amejiita mwenyewe," akasema, "na hakuna wa kumkataza."

Wavulana wakampigia makofi. Akachukua kitabu, akaenda zake.

Siku hizi wajukuu wangu wana mashujaa wa kila rangi kwenye simu. Kila mmoja amejiinamia na yake, hata hawaulizani huyu alizaliwaje. Nikiwaambia wabishane kidogo, wananiambia, "Shosho, tulia." Mimi nitatulia vipi? Kitabu kile kingechakaa hata kama ningekipata. Lakini lile jibu la Wambui nilitaka liwe langu, na mpaka leo, na mvi zangu hizi, bado nalitaka.