Piano Iliyorekebishwa Mara Tatu Isiolo

Sikwenda Isiolo kutembea. Nilikwenda kwa sababu mpiga piano mgeni alikuwa amekataa kuigusa piano aliyowekewa, na tamasha la kufungua msimu lilikuwa Jumamosi saa kumi. Mwalimu Kinoti, anayeongoza okestra ya mji ule, alinipigia simu Ijumaa akiniomba nije na vyombo vyangu vyote. Mimi ni fundi wa piano hapa Nyeri.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri niliwasha gari. Nanyuki nilipita nimejifunga koti, Timau baridi ikanipasua midomo, kisha barabara ikaanza kuteremka nami nikaanza kuvua nguo moja moja. Nilipofika Isiolo saa mbili na nusu nilikuwa nimebaki na shati, na wauza miraa wawili dirishani wakinipa pole ya jasho.

Ukumbini nilipokelewa na Galgalo, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Korbesa ambaye kwenye okestra hupiga zile ngoma kubwa za nyuma. Ndiye aliyenieleza habari za mgeni. Bi Rehema alizaliwa hapo mtaa wa Wabera, akaondoka akiwa msichana, akajifunzia piano Nairobi na kupata jina. Nyumbani hakuwahi kupiga hata mara moja.

"Shangazi zake wote wanakuja," Galgalo aliniambia. "Wamesema wanataka safu ya mbele."

Piano ilikuwa ya zamani lakini ya heshima. Nilikaza nyuzi zote, nikafuta vumbi, na kufikia saa tano nilikuwa nimeridhika. Bi Rehema akaja, mwanamke mrefu wa maneno machache, akapiga kidogo na kutikisa kichwa. Alisema sauti za katikati zimechoka. Nikarudia kazi. Saa saba akajaribu tena, akasema sasa za juu zinalia kama bati. Mwalimu Kinoti alikuwa ameanza kuuma kucha. Bi Rehema akatangaza kwa upole kwamba isiporekebishwa hapigi, kisha akaenda kupumzika chumba cha pili.

Kusema kweli, sikuwa na kitu cha kurekebisha. Galgalo akafunga mlango, akatoa chupa ya chai ya maziwa ya ngamia na mandazi ndani ya gazeti.

"Fundi, kaa," alisema. "Wewe gonga tu mbao."

Basi nusu saa nzima nikanywa chai kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikigonga ubavu wa piano kwa ufunguo. Kila baada ya mandazi nilibonyeza sauti moja, nikaguna kama mtu aliyegundua ugonjwa. Katikati ya kazi hiyo tulibishana kama mbuzi wa Korbesa ni mtamu kuliko wa Nyeri. Niliposhiba, nikamwita mgeni.

Alikaa, akapiga, akafumba macho.

"Hapo sasa," alisema. "Hii ndiyo piano."

Galgalo alitoka nje haraka akisema anaenda kutazama ngoma zake.

Saa kumi, watu walipotoka msikitini baada ya swala ya alasiri, ukumbi ulijaa. Shangazi wanne walikaa mbele, mikoba magotini, nyuso za mahakimu. Kipande cha kwanza kilikwenda vizuri. Katika cha pili, kile cha polepole, fidla ziliingia mapema na Mwalimu Kinoti akapotea. Bi Rehema hakusimama. Alizunguka palepale alipofika katika muziki, akirudia wimbo mdogo kana kwamba ndivyo ulivyoandikwa, mpaka wenzake wakamfikia mmoja mmoja. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

Makofi yalipoisha, shangazi mkubwa alisimama.

"Rehema," alisema, "ile ya polepole. Irudie. Mimi nilikuwa natafuta miwani, sikukuona vizuri."

Akairudia, na safari hii shangazi alisikiliza akiwa amesimama, miwani machoni, hadi mwisho.

Jumapili asubuhi, nikipakia vyombo, Bi Rehema alikuja kuniaga. Akaniuliza nilifanya nini ile mara ya tatu. Nikajibu, bila haya, kwamba nilikaza nyuzi za juu.

"Nilisikia mkizungumza habari za mbuzi," alisema.

Nilitafuta pa kutazama. Yeye akacheka, akaegemea mlango wa gari. Alisema piano ilikuwa sawa tangu mara ya kwanza. Aliyekuwa hajawa sawa ni yeye. Alikuwa amepiga mbele ya mabalozi bila wasiwasi, lakini usiku wa kuamkia tamasha hakulala kwa sababu ya shangazi zake. Alihitaji kitu cha kulaumu mpaka mikono iache kutetemeka, na piano haiwezi kujibu.

Niliendesha hadi Timau nikicheka peke yangu, halafu nikavaa koti. Siku hizi mteja akiniambia piano yake imechoka, kabla sijafungua kifuniko humuuliza kwanza ni nani anayekuja kusikiliza.