Fundi Anayevisha Vitanda vya Hoho Bitana

Chraaa! Kitu kizito kinachanwa ndani ya banda kitalu, hapa Kibosho. Kisha sauti ya mwanamke: “Mama Maria wangu! Nailoni mpya hiyo!”

Ndani, Aikande Lema, 29, fundi kutoka Machame, amepiga magoti, kisu mkononi. Maji meusi yanamwagika kutoka kwenye kitanda, kasha la mbao lenye miguu linalojazwa udongo na kupandwa mboga. Yananuka mizizi iliyooza.

“Mama Godbless, hiki si kitanda,” anasema bila kuinua kichwa. “Mmejenga nduwa.”

Nduwa ni bwawa dogo la kukusanya maji ya mfereji, na huku mlimani kuizuia isivuje ni sifa. Ndivyo Mama Godbless, yaani Yuditha Mushi mwenye banda, na ndugu zake walivyotandika: nailoni nzito, bila tundu hata moja. Wakajipongeza. Hoho zikafa zimesimama majini.

Udongo wa chini una ugonjwa wa mnyauko, hivyo bila vitanda Yuditha hana kilimo. Msimu ujao nao ukiharibika, anauza banda. Shemeji yake Leodegar, anayetaka kulinunua alibomoe na kulihamishia kwake Chekereni, ameshapima nguzo.

“Anapima huku anapiga mluzi!” Yuditha anafoka.

Aikande anacheka. Kazi hii haimtishi. Alikuwa akishona makoti mjini Moshi, hadi mteja mmoja alipotaka mfuko wa kuoteshea mchicha. Leo analipwa shilingi elfu thelathini kwa kila kitanda, na haombi radhi kwa bei yake.

“Koti bila bitana nzuri linaharibikia ndani,” anasema. “Kitanda nacho ni hivyo hivyo.”

Varun, mwenye duka la vitambaa na nailoni mjini, amemzoea. Aikande huvuta kitambaa, hukipuliza, hukimwagia maji pale pale kaunta.

“Dada, unanunua au unachumbia?” humtania.

“Nachumbia. Nikikosea mimi, anayeachika ni mteja.”

Hapa bandani, Yuditha bado anaionea uchungu nailoni yake. “Si ungetandika sandarusi? Magunia ninayo tele.”

“Joto na jua la humu vitayala, Mama. Mwakani utaokota nyuzi.”

“Magome ya migomba, basi.”

“Mchwa watakuombea baraka.”

Nailoni haitupwi. Aikande anaikata vipande na kuvipigilia ubavuni, mbao zisilowe. Chini anatandaza wavu wa waya, juu yake kitambaa cheusi kilichofumwa, kinachopitisha maji na kushika udongo. Wanajaza udongo mpya.

Yuditha hasubiri kuambiwa. Anabeba ndoo iliyojaa, anaimwaga yote, anainama kuchungulia chini ya kitanda. Majirani wawili waliokuja kutazama wanainama naye.

Tone. Tone jingine. Kisha maji yanashuka mfululizo, yakizidi kutakata.

“Yanapita!” Yuditha anapiga makofi, halafu anakunja uso. “Lakini ninyi Wamachame mnajua kusema. Leodegar anakuja Jumamosi.”

Aikande anataka kufungua karakana yake Moshi na kuajiri washonaji wenzake. Banda hili likiuzwa, nani Kibosho atamwita tena? Anasimama, anajifuta udongo magotini.

“Mwache aje, na akute miche imeshapandwa. Nakuahidi, Mama, na majirani wanasikia: maji hayatalala tena kwenye kitanda nilichokivisha mimi. Yakilala, nitamshikia Leodegar ngazi mwenyewe aking’oa paa.”