Watu wa Nthenya Walivyopata Miguu

Ukipita Raila, mtaa mmoja wa Kibera, ukaona duka la kinyozi lenye kichwa cha kijana ukutani, amenyolewa vizuri na paji lake linang'aa kama limepakwa mafuta, hiyo ni kazi ya Nthenya. Tangu amalize shule kazi yake ilikuwa vichwa, vya vinyozi na vya saluni, na nyuso alizochora zilikuwa na uhai. Lakini watu wake wote waliishia mabegani. Mteja akishikilia kwamba anataka mtu wa kichwa hadi miguu, Nthenya alimtia huyo mtu mikono mifukoni, na miguu akaificha nyuma ya meza au majani. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakujitangaza.

Alikuja kuumbuka kwa Suad, fundi wa nguo za harusi aliyefungua duka karibu na Soko la Toi. Suad alitaka mlango wa chuma uchorwe mwanamke amesimama, amejitanda gurbaba, vazi la wanawake wa Kinubi, tangu utosini hadi chini. Nthenya alikubali, akijua uso utambeba. Kumbe nyumba ilikuwa ya babake Suad, Mzee Fadlalla, na mzee alikuwa na neno lake. Hakutaka sura ya mtu mlangoni kwake. Mtu akichorwa kwa nyuma, sawa. Uso, hapana.

Basi Nthenya akachora mgongo. Siku nzima alihangaika na maua ya kitambaa. Jioni Suad akavuka njia, akasimama upande wa pili, akatazama.

"Nguo ni nzuri sana," alisema. "Lakini ndani hakuna mtu. Ni kama imeanikwa kwa kamba."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana lilichoma. Nthenya akaomba apewe muda, akaupaka mlango wote rangi nyeupe.

Muuza rangi ndiye aliyemwelekeza Kawangware, upande wa Riruta, ambako mwalimu aitwaye Kiarie alifundisha kuchora mwili wa binadamu kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Nthenya alikuta vijana tu, wengi wangeweza kuwa wanawe. Mbele yao, juu ya jukwaa la mbao, alisimama Murunga, mvuta mkokoteni wa soko la pale Kawangware, amevaa kaptura tu. Nthenya alianza na uso, na kabla wenzake hawajapata hata pua, Murunga alikuwa anamtazama kutoka kwenye karatasi. Kijana mmoja akamsifu, "Mathe, hiyo ni kali."

Kiarie akaja. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaufunika ule uso kwa kiganja.

"Sasa nionyeshe amesimama wapi."

Kuanzia kiganja kwenda chini palikuwa na gunia lenye mikono. Nthenya alirudi Kibera amenuna, na wiki nzima akajiambia hatarudi. Jumamosi ilipofika akajikuta njiani.

Siku hiyo Murunga aliwapa mgongo, na kabla ya mtu kushika penseli Kiarie aliwaambia wote wasimame kama alivyosimama Murunga. Nthenya akaegemea mguu wa kulia. Akasikia nyonga ikipanda upande ule, na bega la juu yake likishuka lenyewe.

"Mwili ni mzigo," Kiarie alisema. "Tafuta mguu unaoubeba. Hayo mengine yatakuja."

Nthenya akachora mguu ule kwanza, na kwa mara ya kwanza mtu wake hakuelea. Tangu hapo macho yake yakabadilika. Kule Toi aliwatazama akina mama walioinamia marundo ya mitumba, na wabeba maji waliopinda upande kwa uzito wa mtungi. Watu aliozoea kuwajua kwa sura, akaanza kuwajua kwa nyuma.

Murunga hakuwa na desturi ya kutazama michoro. Wakati wa chai alikaa zake pembeni. Siku moja akapita nyuma ya Nthenya, akasimama. Kwenye karatasi bega moja lilikuwa limepanda na kujaa kuliko la pili. Akajishika bega.

"Mimi niko hivi?"

"Ndivyo nilivyokuona," Nthenya alimjibu.

"Mke wangu huniambia. Nilidhani ni maneno tu." Akaiomba ile karatasi. Nthenya akampa.

Aliporudi dukani alimwomba Suad mwenyewe ajitande, ampe mgongo. Suad hakuzoea kusimama bure. Alichoka, akauhamishia mwili mguu mmoja, na Nthenya akamwambia abaki hivyo hivyo. Maua ya kitambaa safari hii yalikuja mwisho.

Mzee Fadlalla alitokea baada ya sala ya alasiri, akasimama mbele ya mlango. "Huyu ni Suad," akasema.

Nthenya akaona kazi imeharibika tena. Suad akamuuliza babake amejuaje, na uso haupo.

"Hivyo ndivyo unavyosimama ukichoka kunisikiliza."

Mzee akatazama tena, akaingia ndani. Hakusema mchoro ufutwe.

Jumamosi Nthenya bado huenda Kawangware. Siku hizi anayesimama mbele ni Wakarima, muuza mboga mnene mwenye vichekesho, na Nthenya anasema huyo ni mgumu kuliko Murunga, kwa sababu akicheka mwili wote unahama.