Siku Simu Yangu Ilipohamia Kongo

Mwanangu, ipo siku moja ya hospitali ya Bwera, huku mpakani mwa Uganda na Kongo, ambayo bado inanisumbua kichwa, na kwa kuwa umeanza kusomea uuguzi ukiwa mbali na chuo, nataka uisikie. Nilikuwa muuguzi wa cheti, mama mwenye watoto wake, nikisomea diploma kwa vitabu vilivyoletwa na basi hadi Kasese. Asubuhi nilikuwa sista, jioni mwanafunzi. Mwalimu wangu nilimjua kwa sauti ya simu tu.

Siku hiyo mama mmoja wa Butembo, ng'ambo ya Kongo, alijifungua kabla ya wakati, na kale katoto kakaanza kupoa. Wodini tulizoea kumfunga mtoto blanketi na kumweka karibu na hita. Kitabu changu kilisema avuliwe, alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Nilikuwa nimekisoma peke yangu, sijawahi kumwona mtu akifanya. Umvue mtoto anayepoa? Nilichanganyikiwa kabisa.

Nikasimama dirishani nimpigie mwalimu. Simu, kama kawaida ya huku mpakani, ilikuwa imehamia mtandao wa Kongo, haipigi. Nikainyanyua juu, nikaizima, nikaiwasha.

"Sista, unasema na nani?" mama akauliza. "Mutoto yangu iko baridi."

Na Biira, muuguzi mwenzangu, alikuwa pale pale. Binti wa kutoka Munkunyu, diploma aliisomea darasani, na jambo hili alionyeshwa kwa mikono. Lakini kufunga bandeji nilimfundisha mimi. Ningemwulizaje? Niliona aibu, sikufichi. Mwishowe akaja mwenyewe.

"Sista, hii kitu unajua?"

"Nimesoma. Sijui."

"Si ungesema? Lete mtoto."

Akamvua, akamwachia nepi na kofia, akamlaza kifuani pa mama na kuwafunika wote kwa kitenge. Kisha akauchukua mkono wangu, akauweka mgongoni pa mtoto. Joto lilirudi polepole mno. Nilisimama pale nisijue kama mimi ni mwalimu wa Biira au mwanafunzi wake, na mpaka leo sijaamua.

Kwa hiyo, mwanangu, vitabu vikifika usijifungie navyo chumbani. Kila kazi ya mikono utakayoisoma, tafuta mtu wa wodini akuonyeshe kabla mgonjwa hajaletwa, hata kama mtu huyo ulimlea wewe. Ukichanganyikiwa, sema umechanganyikiwa, tena useme mapema, maana mtoto anayepoa hangojei mtandao. Mungu akubariki katika masomo yako, na akuondolee aibu ya kuuliza.